Watu wa data wanakutana kufanya nini?

Mwishoni mwa mwaka 2020, jukwaa la mashindano la Kaggle lilitangaza shindano kuhusu majani ya mihogo. Picha zaidi ya 21,000 zilitoka Uganda. Nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani, kisha wataalamu wa mazao pamoja na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere wakazigawa: jani hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili ni zima. Mshindani alitakiwa kutengeneza programu itakayotazama jani na kutaja tatizo lake. Makundi yalikuwa matano: magonjwa manne, na majani mazima.

Mwanafunzi aliyejifungia chumbani Morogoro au Eldoret anapakua picha hizo, anahangaika siku kadhaa, na programu yake inaanza kupatia asilimia 61. Anashangilia, maana kwa kubahatisha kati ya makundi matano angeambulia asilimia 20. Asichokiona ni kwamba katika mkusanyo ule picha za batobato peke yake ni zaidi ya asilimia 60. Programu yenye kufumba macho na kujibu "batobato" kila inapoulizwa ingepata alama zile zile. Huenda yake ndivyo inavyofanya.

Mtego huu umo vitabuni. Huenda hata aliusoma akaupigia mstari. Lakini mtu aliyewahi kunaswa nao, ukimwambia "nimefika sitini na moja", kabla hajakupongeza atakuuliza, "Batobato ziko ngapi humo?" Swali la sekunde tano linaokoa kazi ya wiki mbili, na ili uulizwe, ni lazima uwe umeketi karibu na mtu wa namna hiyo.

Vikao vya sayansi ya data na utafiti wa kidijitali vimeenea katika miji yetu, na mgeni anayeingia mara ya kwanza huona mambo ya kawaida tu: projekta, mtu mmoja anasema, wengine wanapiga picha slaidi kwa simu, kisha chai na sambusa. Anatoka akijiuliza kwa nini asingebaki nyumbani akatazama video kama ile YouTube, bila kukaa kwenye foleni ya Mwenge au ya Thika Road. Swali lake ni halali, na waandaaji wengi hawana jibu zuri. Mimi naona hotuba ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika vikao hivi. Imewekwa pale ili watu wapate sababu ya kuja. Kinachowafaa kiko katika maswali, katika ubishi wa pembeni, na katika kumwona mwenzako akifungua faili lake mbele yako.

Yasiyoandikwa katika jedwali

Data humfikia mchambuzi ikiwa jedwali: safu zina majina, mistari imenyooka, kila kisanduku kina namba. Unadhifu huo unadanganya. Namna namba zilivyopatikana haionekani popote.

Chukua saa. Dodoso linauliza mtu alianza kazi saa ngapi. Mhojiwa anajibu "saa mbili", na kila aliye pale anaelewa kwamba ni asubuhi. Mkusanyaji mmoja anaandika 8:00. Mwenzake, mwenye haraka au aliyefundishwa vibaya, anaandika 2:00. Faili likifika makao makuu, kundi zima la wafanyakazi linaonekana limeanza kazi saa nane usiku. Ungedhani dawa ni rahisi: geuza kila 2:00 iwe 8:00. Lakini kuna watu wa soko la samaki la Feri, madereva wa malori na walinzi, ambao saa nane usiku kweli wako kazini. Kosa na ukweli vimevaa nguo moja, na hakuna fomula itakayovitenganisha. Anayeweza kukusaidia ni yule aliyezunguka na kishikwambi nyumba kwa nyumba, na mtu huyo kwa kawaida haandiki makala ya kitaalamu. Ukimpata, utampata ukumbini, amekaa kiti cha nyuma.

Mambo ya aina hii hayana mwisho. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake mara tu faili linapofunguliwa kwa Excel. Umri wa 99 katika baadhi ya madodoso haumaanishi bibi kizee bali "hakujibu", na asiyejua hilo hupandisha wastani wa umri wa kijiji kizima. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu akichora mstari wa mavuno ya Mbeya toka 2010 bila kukumbuka hilo, ataona mporomoko na kuanza kutafuta ukame ambao haukuwapo. Hakuna somo la chuo linaloorodhesha haya yote, kwa sababu mengi ni ya mahali, ya taasisi fulani, ya dodoso fulani la mwaka fulani. Ni ujuzi wa fundi gereji anayesikiliza injini ikiunguruma na kusema tatizo liko wapi kabla ya kufungua boneti. Hakuupata kwa kusoma. Alisimama miaka karibu na fundi mkubwa.

Hii ndiyo sababu kazi ambayo kwa macho ya watu ni ya mtu na kompyuta yake imezaa mikutano mingi kiasi hiki.

Si mikutano ya aina moja

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuihukumu mikutano yote kwa kipimo kimoja.

Kikao cha jioni ndicho kinachojulikana zaidi. Watu wametoka kazini, kuna wasemaji wawili, ukumbi umetolewa bure na ofisi au kituo cha ubunifu, na saa mbili usiku kila mtu anawahi basi. Nairobi ilipata makao ya vikao hivi mapema, iHub ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010 na watu waliotokana na Ushahidi, ile ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za wananchi wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Baadaye Muthoni Wanyoike na Kathleen Siminyu wakaanzisha kundi la wanawake wa Nairobi wanaojihusisha na sayansi ya data na kujifunza kwa mashine, yaani kuifunza kompyuta kwa mifano. Dar es Salaam wapo Buni Hub, ndani ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Kijitonyama, na Tanzania Data Lab ambayo wengi wanaiita dLab tu. Usiende kikao cha jioni ukitarajia kufundishwa. Nenda kujua nani anafanya nini na nani ana data ya nini.

Warsha ni kitu kingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo waandaaji wetu wanapokosea zaidi. Warsha nyingi ni hotuba ndefu zilizobadilishwa jina. Mwalimu anaonyesha slaidi 80 zenye msimbo (maagizo anayoandikiwa kompyuta) uliokwisha kukamilika, wanafunzi wanaitikia kwa vichwa, na wakifika nyumbani mstari wa kwanza tu unawagomea. Kuna watu waliolifikiria hili kwa muda mrefu. The Carpentries, jumuiya ya kufundisha watafiti matumizi ya kompyuta, ilianza mwaka 1998 kwa jina la Software Carpentry, na utaratibu wake unashangaza kwa wepesi. Mwalimu haruhusiwi kujificha nyuma ya slaidi. Anaandika msimbo papo hapo, herufi kwa herufi, na wanafunzi wanaandika pamoja naye. Anapokosea, na lazima atakosea, kosa linaonekana ukutani kwa wote, naye analisoma kwa sauti na kulitatua. Mwanafunzi anajifunza kwamba maandishi mekundu ya kompyuta si aibu, ni maelekezo.

Kisha kuna vile vikaratasi vya kunata vya rangi mbili. Kila mwanafunzi anapewa viwili: kimoja anakibandika juu ya kompyuta yake akiwa amemaliza zoezi, kingine akiwa amekwama. Mwalimu anatupia jicho chumba kizima na kujua mara moja kama aendelee au asubiri, na wasaidizi wanajua wamfuate nani. Katika madarasa yetu, ambako kunyosha mkono mbele ya watu hamsini na kusema "sijaelewa" ni jambo ambalo wengi wetu tulifunzwa kuliepuka tangu darasa la kwanza, kikaratasi hicho ni ukombozi. Mwisho wa siku vikaratasi vile vile vinatumika kuandika, kwenye rangi moja, kilichofaa, na kwenye nyingine, kinachohitaji kurekebishwa. Gharama yake haifiki hata ya soda za watu wa meza moja.

Hakathoni, yale mashindano ya kutengeneza programu mfululizo, sizipendi kama wengine wanavyozipenda. Saa 48, pizza, hundi kubwa ya maboksi, picha ya pamoja. Katika muda huo hakuna anayepata nafasi ya kuuliza data ilitoka wapi, na swali hilo ndilo zito kuliko yote. Kwa hiyo washindani wanafunzwa tabia mbaya kwa kasi kubwa. Nakubali kwamba vijana wengi wamepatia huko marafiki wa kazi na hata ajira. Programu zenyewe nyingi hufa wiki ile ile.

Makongamano ya kitaaluma yana kanuni zake: makala inatumwa, inakaguliwa, inakubaliwa au kukataliwa. Na kuna kundi la usomaji, ambalo halitangazwi na mtu: watu sita wanaokutana mara mbili kwa mwezi kusoma makala moja, aya kwa aya. Kama ningelazimishwa kubakiza aina moja tu ya mkutano mjini kwetu, ningebakiza hilo.

Nyeri, Johannesburg, Kigali

Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa. Miongoni mwa waliousukuma walikuwa Ciira Maina wa chuo hicho hicho na Neil Lawrence, aliyekuwa akifundisha Sheffield, Uingereza, pamoja na watafiti wa Makerere. Mwaka uliofuata ukaenda Kampala, na 2017 ukafika Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela. Muundo wake ulikuwa wa busara: kwanza siku kadhaa za mafunzo ya mikono, halafu warsha ambapo watu wa kilimo, afya na mazingira wanaeleza shida zao. Wanaojifunza mbinu wanakutanishwa na wenye matatizo, wakati mbinu bado ziko moto kichwani.

Kuhamahama huko kulikuwa na faida ambayo haionekani haraka. Kampala ina hewa chafu na bodaboda nyingi, na watu wa AirQo, mradi wa Makerere, walifunga vipima hewa vya bei nafuu juu ya bodaboda hizo hizo. Mtu wa Arusha akisikia hivyo hanakili kifaa tu. Anarudi akijiuliza ni chombo gani mjini kwake kinapita kila mahali kila siku.

Kusini, mwezi Septemba 2017, Deep Learning Indaba ilifanyika kwa mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Waanzilishi wake, Shakir Mohamed akiwa mmojawao, walikasirishwa na jambo moja: makongamano makubwa ya dunia ya kujifunza kwa mashine yalikuwa karibu hayana mtafiti anayefanyia kazi Afrika. Baadaye Indaba ilikwenda Stellenbosch, ikaja Nairobi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019, na baada ya kusimamishwa na Uviko ikaendelea Tunis, Accra, Dakar, hadi Kigali mwaka 2025. Tangu 2018 pia kuna IndabaX, mikutano midogo ambayo kila nchi inajiandalia yenyewe. Nadhani IndabaX ina uzito kuliko mkutano mkuu, ingawa haiandikwi magazetini, kwa sababu haimtaki mtu awe na nauli ya ndege.

Nauli ni kikwazo kimoja. Viza ni kingine, na kina ukatili zaidi kwa sababu kinaweza kumpata mtu ambaye makala yake imekwisha kukubaliwa. Mwaka 2018, NeurIPS, mojawapo ya makongamano hayo makubwa, ilipofanyika Montreal, makumi ya watafiti waliokuwa wahudhurie warsha ya Black in AI, jumuiya iliyoanzishwa na Timnit Gebru na Rediet Abebe, walinyimwa viza za Kanada. Mwaka uliofuata, Vancouver, hadithi ikajirudia. Kongamano lingine kubwa, ICLR, likaamua kuja Addis Ababa mwaka 2020, na suala la viza lilitajwa wazi kuwa miongoni mwa sababu. Uviko ikaligeuza likawa la mtandaoni. Hatimaye ICLR ilifanyika Kigali mwezi Mei 2023, na mwanafunzi wa Kampala angeweza kufika kwa basi kwenye mkutano ambao kwa miaka alikuwa akiusoma tu.

Mtu anaweza kuuliza: kama makala zote ziko mtandaoni bure, kukosa kuhudhuria kunapunguza nini? Rudi kwenye yale yasiyoandikwa. Makala inaeleza jaribio lililofaulu. Majaribio kumi na mawili yaliyoshindwa kabla yake yanasimuliwa kwenye foleni ya kahawa, na ndiyo yanayomzuia mtafiti mwingine asipoteze mwaka mzima.

Ukumbi bila projekta

Kufikia hapa unaweza kudhani haya ni mambo ya wasomi wenye kompyuta mpakato. Mikutano ya data iliyonivutia kuliko yote Afrika Mashariki ilifanyika katika ofisi za serikali za mitaa.

Mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walipewa vifaa vya GPS na kuanza kuchora mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kabla ya hapo, mahali panapoishi maelfu kwa maelfu ya watu palikuwa pengo tupu kwenye ramani. Mwaka 2011 wazo hilo lilifika Tandale, Dar es Salaam, kwa mikono ya wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi. Desemba ya mwaka huo huo jiji likapigwa na mafuriko makubwa, na haja ya kujua maji yanapita wapi ikawa suala la uhai. Kuanzia 2015 kazi ikakua na kuwa Ramani Huria, ikihusisha kata nyingi zenye kufurika, mamia ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na picha za ndege zisizo na rubani.

Ndege hizo zinaona paa. Hazioni jina la mtaa, hazijui kama mtaro umeziba, na haziwezi kukwambia maji yalifika magotini au kifuani mwaka ule. Hayo yanajulikana na mama anayeuza maandazi pale kona na mjumbe wa shina aliyekaa hapo miaka thelathini. Kwa hiyo kikao kinakuwa hivi: ramani kubwa iliyochapishwa inatandazwa mezani, kalamu za rangi zinagawiwa, na watu wanaanza kubishana. "Hapo si mpaka, mpaka ni ule mwembe." "Mwembe ulikatwa zamani." Mipaka ya mashina haikuwa imechorwa popote, ilikuwa vichwani mwa wajumbe, na njia pekee ya kuitoa ilikuwa kuwaketisha pamoja mpaka wakubaliane.

Kitaaluma, huo ni mkutano wa sayansi ya data kamili. Kuna ukusanyaji, kuna uhakiki, kuna wataalamu wa uwanja wanaosahihishana. Dar ilipoandaa kongamano la dunia la programu huria za ramani, FOSS4G, mwezi Agosti 2018, wageni kutoka kila bara walikuja kwenye jiji ambalo tayari lilikuwa na la kuonyesha, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa ya watu ambao hawakuwahi kufungua kompyuta.

Mkutano usio na mahali

Baada ya Indaba ya Nairobi ya 2019 ilisambaa jumuiya ya Masakhane, iliyoanzishwa na Jade Abbott na Laura Martinus wa Afrika Kusini, kwa lengo la kutafsiri lugha za Kiafrika kwa kompyuta. Hawakuwa na jengo. Walikuwa na vikao vya video, kundi la mazungumzo, na daftari la msimbo ambalo mtu wa Lagos au Mombasa angelifungua katika kivinjari, akaweka lugha yake, na kuanza.

Mwaka 2020 walichapisha makala yenye vipimo vya tafsiri kwa lugha zaidi ya 30, na ukitazama orodha ya waandishi utakuta inaanza na ∀, ile alama ya hesabu inayosomwa "kwa kila", wakimaanisha jumuiya nzima. Majina ya watu yanafuata kwa makumi: watafiti, wanafunzi, wafasiri, watu waliokaa kusoma sentensi za mashine na kusema kama mwenye lugha angesema hivyo. Mwaka uliofuata ukaja mkusanyo wao wa habari uliowekewa alama za majina ya watu, mahali na taasisi kwa lugha kumi, Kiswahili, Kijaluo na Kiganda zikiwemo.

Lakini lililo na mafunzo zaidi ni lile la matini ya kufundishia. Kwa lugha nyingi za Afrika, mkusanyo mkubwa wa matini sambamba (maneno yale yale katika lugha mbili) uliokuwapo ni JW300, uliochotwa katika tovuti ya Mashahidi wa Yehova, wachapishaji wa Mnara wa Mlinzi. Mashine iliyolelewa na matini hayo inazungumza ufufuo na dhambi kwa ufasaha, ila bei ya mafuta ya kula inaisumbua. Kisha likaja suala la hakimiliki, na mkusanyo ukaondolewa mtandaoni. Waliokuwa wamejenga kila kitu juu yake ikabidi watafute pengine. Maswali ya nani mwenye data na aliombwa ruhusa lini, ambayo mtu mmoja mmoja angeyaahirisha, yaligeuka ajenda ya kudumu ya vikao vyao.

Posho, lugha na sheria

Kwa nini vikao vingi hufa mwaka wa pili? Fedha ni sehemu, lakini si yote. Kwetu mkutano wenye heshima una posho. Mtu amezoea kusaini karatasi na kupokea nauli. Kikao cha kujitolea hakina, na mwandaaji hugundua haraka kwamba aliwahesabu waliokuja kwa bahasha. Akimtafuta mdhamini, mdhamini anataka dakika ishirini za kusifu bidhaa yake, na kwa kikao cha tatu wasikilizaji wazuri wamekwisha kukimbia. Na mara nyingi kundi zima linabebwa na mtu mmoja, ambaye akipata masomo Ulaya kundi linabaki kuwa namba za WhatsApp zinazotumiana salamu za Ijumaa. Makundi yaliyodumu yana desturi ya kuzungusha uenyekiti hata pale mwenyekiti aliyepo anapofanya vizuri.

Lugha nayo. Slaidi ni za Kiingereza, na maswali ukumbini ni machache na yenye tahadhari. Chai ikifika, maswali yanamwagika kwa Kiswahili, mazuri kuliko yote ya rasmi. Lubumbashi au Goma mzigo ni wa tabaka tatu: mwanafunzi amesomeshwa kwa Kifaransa, maelezo ya programu ni ya Kiingereza, na anafikiri na wenzake kwa Kiswahili. Msemaji anayeanza kwa kusema "ulizeni kwa lugha yoyote", halafu mwenyewe akajibu swali la kwanza kwa Kiswahili bila kutafuta maneno makubwa, anabadilisha hali ya chumba.

Kuhusu sheria nitasema machache, ingawa waandaaji wanapaswa kuijua kwa mapana. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Msemaji anayeonyesha ukutani jedwali la wateja halisi, huku watu hamsini wakipiga picha, anatafuta kesi. Na kufuta majina hakutoshi: mwalimu mkuu, mwanamke, miaka 52, kijiji fulani, huyo ni mtu mmoja tu na kijiji kizima kinamjua. Tanzania ilikuwa na mwaka wa wasiwasi zaidi, kati ya marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Septemba 2018, yaliyotishia kumshtaki anayechapisha takwimu zinazopingana na za serikali, na Juni 2019 Bunge lilipoyalegeza.

Kama unataka kuanza

Usianze na msemaji mashuhuri wala nembo. Tafuta watu watano na faili moja ambalo wote watalifungua. Sensa inafaa sana, kwa kuwa ni ya umma na kila mtu alihesabiwa: Kenya ilihesabu watu 47,564,296 mwaka 2019, Tanzania 61,741,120 mwaka 2022. Chukueni jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja, la sensa yoyote ya zamani mtakayoipata, mlichore. Mahali pengi mtaona miiba kwenye 30, 40, 50 na 60, na mabonde kando yake, kana kwamba watu waliacha kuzaliwa baadhi ya miaka. Mpeni kila mmoja dakika kumi aandike maelezo yake kabla ya yeyote kusema. Kisha mwiteni mtu aliyewahi kuwa karani wa sensa, mmuulize alikuwa anaandika nini mzee alipomjibu, "Mwanangu, mimi nilizaliwa mwaka wa ile njaa." Mtakuwa na mazungumzo ya jioni nzima, na wa kuja kikao kijacho watakuwa zaidi ya watano.